Mlango Wetu Nimeupeleka Kabareni

Baba Furaha,

Sikuandikii kukuomba urudi. Hilo nimeshaliambia ziwa mpaka nimechoka. Nakuandikia ujue kwamba kabare yetu ya Mulongwe, nyumba yetu ya pombe, inaezekwa upya, na kiti chako hakuna atakayekikalia mimi nikiwa hai.

Unakumbuka tulivyoijenga? Mwaka ule wa uhuru, Wabelgiji walipofunga virago, ulisema, "Sasa tunywe kwetu, bila kuomba ruhusa ya muntu." Wavuvi, mafundi, sisi wanawake wapika kasiksi, pombe ya ndizi, kila mmoja akaleta tofali zake. Hapakuwa na patron, bwana mwenye mali. Kila mwenzetu alichonga kiti chake, na sheria ikawa moja: kiti kikitolewa nje, mwenyewe si mwenzetu tena. Chako kilikuwa na mguu mmoja mfupi, basi kila jioni ulinilalia begani ukisingizia kiti. Mwongo wewe! Niliupenda uongo ule.

Kisha uasi ukaja. Asubuhi ile risasi zilipolia, sote tulikimbilia mlimani, mimi na Furaha mgongoni. Wewe ulikwenda kabareni, ukauburuta mpaka majini ule mtumbwi wa kukamulia ndizi. Nilikupigia kelele kutoka njiani, "Ule ni wa pombe, si wa ziwa!" Ukampakia mama yako asiyeweza kutembea, ukasema, "Ulibeba kasiksi, utabeba na mama." Nikawaona mnapotelea upande wa Burundi. Jioni yake paa la kabare likaungua.

Sasa tumeshuka. Kabare imebaki kuta, mvua inaingia inavyotaka. Viti vitatu tu vilipona moto, na chako kimojawapo. Tajiri mmoja wa Kimanga, Mwarabu muuza chumvi, akatuambia ataweka mabati mara moja, ila nyumba iwe yake. Na mikono ya kumkubalia ilianza kuinuka kikaoni, Baba Furaha! Nikasimama. Nikawauliza kama tuliwaondoa Wabelgiji ili tukampigie magoti muuza chumvi. Nikasema kila nyumba ilete ilicho nacho.

Yakobo mshona nguo, ambaye ndiye mwenyekiti wetu siku hizi, akanikata. "Weye unasema kama nani? Bwana yako alikimbia na mtumbwi yetu. Kiti yake itoke inje."

Nikamjibu papo hapo, "Alibeba mama yake! Minye nitaleta muchango yake, na kiti itabaki pale pale."

Wengine wakacheka, maana wanajua mbuzi wetu waliishia vitani. Wacheke. Lakini tajiri hakupata nyumba siku ile. Wavuvi walitoa ndagala, dagaa wetu wa ziwani, za safari nzima, zikapelekwa kuuzwa Sange, na gari lililorudi lilikuwa na mabati juu. Wasio na kitu walikanda udongo na kuziba kuta. Nikabaki mimi, na Yakobo kila akipita ananiuliza muchango uko wapi.

Nikaitazama nyumba yetu pande zote, ukutani, uvunguni. Kisha nikauona mlango. Ule wako wa mninga, uliouwekea bawaba kinyume ukawa unafunguka nje, nami nikakuomba urekebishe, ukakataa: "Watu watazoea." Nikaung'oa. Nikaubeba kichwani mpaka kabareni mchana kweupe, shingo ikiniuma, na yeyote aliyetaka kutazama akatazama.

Yakobo aliupapasa ule ubao. Akauliza polepole, "Na weye utafunga nyumba na nini?"

"Na mkeka."

Yakobo akakichukua kiti chako, akakifuta vumbi kwa shati lake, akakirudisha mahali pake.

Mlango uko pale sasa. Wageni wanausukuma, wanajigonga paji la uso, wanamtukana aliyeutengeneza. Nawaambia, mtukaneni vizuri, atakuja kujibu mwenyewe.

Sijui kama mtumbwi ule ulifika. Naogopa, nakuambia wazi, maana kasiksi haizami ila watu huzama. Dada zako wanataka nivae kilio. Nimewakatalia. Sivai kilio cha mtu ambaye kiti chake kipo na mchango wake umelipwa.

Basi ukija usihangaike nyumbani, mkeka haupigwi hodi. Njoo moja kwa moja kabareni. Na usisahau kazi ya mikono yako: vuta, usisukume.

Mkeo asiyeondoka,
Mama Furaha