Kikohozi cha Mafuru

Jumatatu, 6 Machi 1995
Nimechelewa tena. Msichana wetu wa kazi kaondoka jana bila kuaga, nasikia yuko Mwanza. Neema nimemwacha kwa jirani, Mama Sospeter, analia mpaka namsikia barabarani. Miezi saba tu. Kwenye geti la kiwanda wanawake wamejaa, wanaomba mmoja wetu akosekane waingie wao. Supavaiza kanitazama, kanipa kisu. Siku nzima minofu ya sangara. Mikono ya baridi, akili iko nyumbani Kitaji.

Jumanne, 7 Machi
Supavaiza mbele ya watu wote: "Mama Neema, wenzako wanaachaga watoto nyumbani. Ukikosa tena bila ruhusa, kaa huko huko." Nikainamia minofu yangu. Mume wangu Mafuru alipunguzwa kiwanda cha nguo, sasa anabangaiza kwenye gereji Iringo. Kisu hiki ndicho kinatulisha. Nimemtumia Mama ujumbe Butiama, aje.

Jumamosi, 11 Machi
Mama kafika na kuku wawili na mkeka wake. Nimefurahi kama mtoto. Halafu nikakumbuka. Kwetu mama halali paa moja na mkwe wake, hali naye, hata kumtazama usoni ni aibu. Na sisi tuna chumba na sebule. Mafuru, huyu huyu anayejifanya mtu wa mjini, kamwona Mama uani akazunguka kwa nyuma kama mwizi. Tumekubaliana Mama alale kwa Mama Sospeter, mchana alee mtoto kwetu.

Jumanne, 14 Machi
Mambo yanakwenda, kwa namna yake. Mafuru akitoka gereji anaanza kukohoa tangu kwenye kona. Mama akisikia anamlaza Neema mkekani, anatokea mlango wa uani. Kikohozi cha uongo kabisa. Neema ameshakijua, anageukia mlango na kucheka. Mimi sicheki.

Jumatano, 15 Machi
Kumbe Mama hatumii choo chetu kwa sababu Mafuru anakitumia. Anakwenda kwa Mama Sospeter, mtoto mgongoni. Mchana hali chochote, asije akahitaji choo. Nimegombana naye. Nimegombana na Mafuru. Kazini nimejikata kidole.

Ijumaa, 17 Machi
Mvua tangu saa sita. Nimerudi nikamkuta Mama amesimama upenuni, Neema mgongoni, kanga imelowa chapachapa. Mafuru alikuwa amerudi mchana na malaria, kajilaza. Mama Sospeter kafunga mlango, kaenda sokoni. Basi Mama hana pa kuingia.

Mafuru anaita kutoka ndani, "Mama, ingia! Nimejifunika shuka gubigubi, sikuoni!"

Mama anaujibu ukuta, "Lala, baba. Sisi hatujambo."

Hatujambo! Mtoto anatetemeka. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Nilisema naacha kazi. Nilisema wote wawili wajinga. Nimemwita mama yangu mjinga.

Jumamosi, 18 Machi
Neema ana homa, kifua kinakoroma. Sikwenda kiwandani. Mama hasemi na mimi. Mafuru, mgonjwa mwenyewe, ameweka sikio kwenye kifua cha mtoto, amekaa hivyo muda mrefu. Kazi imekwenda, najua. Naogopa.

Jumatatu, 20 Machi
Homa ya Neema imeshuka. Alfajiri Mafuru kakunja godoro dogo. Kalifunga kwa kamba, miguu bado haina nguvu. "Nakwenda kulala gereji," alisema. "Nyumba mpe Mama. Wewe nenda kazini." Nilitaka kumzuia. Sikumzuia. Mama kaingiza mkeka wake, kafagia, kapika. Supavaiza kanifokea wee, kisha kanipa kisu. Nimeshukuru na nimemchukia.

Alhamisi, 23 Machi
Mtoto ananenepa. Mama anakula. Nimewahi kazini kila siku. Kitanda kipana mno.

Jumapili, 26 Machi
Nimemwona mume wangu kanisani. Yeye upande wa wanaume, sisi huku. Amekonda, shati halijapigwa pasi. Katikati ya mahubiri mzee mmoja akakohoa. Neema akageuka kuangalia mlango, akacheka, akangoja. Hakuna aliyeingia. Akaendelea kuangalia. Mafuru aliona. Akainamisha kichwa, kisha akakohoa, taratibu, kile cha kwenye kona. Neema akampata. Mama alikuwa ameshanyanyuka nusu kwenye benchi, akakumbuka tuko wapi, akaketi, kanga usoni.

Kesho zamu ya asubuhi.