Potasiamu na Chumvi ya Majivu

Mtendeni, Jumanne usiku

Sasa eti imezidi. Mara ya kwanza daktari alisema potasiamu yangu iko chini, kwa kuwa dawa ninayomeza ya kupunguza maji mwilini huitoa kupitia mkojo, na ndiyo maana moyo ulikuwa unarukaruka. Akanipa vidonge vya kuiongeza. Leo damu inaonyesha imepita kiasi, na hiyo nayo huvuruga mapigo. Nilifundisha kemia mpaka nikastaafu, lakini hapa nimechanganyikiwa.

"Mzee, chumvi uliacha?" daktari aliuliza.

"Ya dukani hatuigusi," mke wangu akamjibu kwa fahari. "Mlenda natia ya majivu, anachuja dada yangu kule Sikonge."

Daktari akaweka kalamu chini. Majivu ya mimea, akasema, yamejaa potasiamu. Vidonge amevisimamisha, na chumvi hiyo pia. Moyo ukianza tena kurukaruka, turudi hata usiku.

Nyumbani mke wangu akaniuliza, "Kwa hiyo mwalimu, nimekuwa nakulisha sumu?" Nikaanza kumweleza kazi ya figo. Akaondoka kabla sijafika mbali.

Muda mfupi uliopita moyo uliruka, ukatulia, ukaruka tena. Nilimwita. Akanishika kifundo cha mkono kupima mapigo, akauliza:

"Huku ni kuzidi au kupungua?"

Nikamwambia sijui. Ameenda kumwamsha jirani mwenye bajaji. Viatu nimeshavaa, namsubiri.