Kinini ya Mikono Yangu

Élisabethville, kampi ya ONU (Umoja wa Mataifa), 1962

Baba Delphine, bwana yangu uko kule Bakwanga,

Tuko wazima. Mvua imeanza, na hema yetu inavuja kidogo. Treni ya kuja kwako ingali imefungwa na vita. Ile tuiache.

Unakumbuka upele wa mikono na miguu yangu, vile ilikuwa inapasuka na kutoka damu? Munganga wa kampi anauita eksema. Alinipa vinini, vile vidonge vidogo. Nikavisaga, nikavichanganya na mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, nikapakaa. Alicheka sana: “Mama, ni ya kumeza!” Nikamuuliza, “Mikono njo inagonjwa, sasa tumbo ilikosa nini?” Lakini nilimeza. Baba, dawa iliingia kwa kinywa, ikafika mupaka ku vidole vya miguu, ngozi yote ikapona! Nani aliionyesha njia?

Mutoto wetu Delphine, ule uliacha tumboni, jirani Mama Julienne njo alikuwa anamuogesha, sababu mikono yangu ilikuwa inamukwaruza, analia. Leo nilimuogesha mwenyewe. Hakulia. Delphine iko na alama kama yako nyuma ya sikio. Nilikuwa naiona kwa macho tu. Leo niliigusa, na yeye akalala mu kiganja yangu.

Bibi yako, mwenye mikono,
Mama Delphine