Utepe Juu ya Mpunga

Jumatatu, 21 Aprili 2025

Jumatatu ya Pasaka. Edna amekuja kutoka Morogoro na zawadi — simu. Simu janja, ya kupapasa! Baba, anasema, kitochi chako sasa kipumzike. Nimemjibu kitochi changu hakijawahi kusema kimechoka. Nakichaji Jumapili kinafika Jumamosi. Kikianguka kwenye tope nakifuta kwa shati, maisha yanaendelea. Hii mpya ni kama mtoto mchanga. Isiponyonya umeme asubuhi, jioni inalia.

Lakini hapa hasomi mtu, kwa hiyo niseme ukweli: picha zake ni safi. Nimempiga picha mama yake anachambua mchele. Nimeitazama mara tano.

Edna ana jambo lingine. Tarehe 10 Mei ni jubilei yetu, miaka ishirini na mitano ya ndoa. Sare za kitenge zimeshashonwa, kundi la WhatsApp lina watu sitini na nne. Sasa anataka kaseti ya harusi aiingize kwenye simu, ipigwe ukumbini kwa spika kubwa. Mke wangu Philomena kafurahi hadi kaacha sahani. Siyo kwa ajili ya kwaya! Ni kwa ajili ya cherehani. Miaka yote hii anadai siku ile niliahidi mbele ya watu kumnunulia cherehani. Mimi nasema sikuahidi, nilisema nitampa kila nitakachojaliwa. Leo kasema mbele ya mtoto: kaseti ndiyo itakayosema.

Akaenda kulitafuta boksi la viatu juu ya kabati. Halipo. Akauliza nani kaligusa. Nikasema labda panya.

Panya! Boksi zima! Najua vizuri sana lilipo.

Jumanne, 22 Aprili

Niko dunguni, kwenye jukwaa langu la kuwingia ndege shambani, upande wa mto Lumemo. Nimekuja alfajiri kwa baiskeli bila chai.

Mpunga unaweka maziwa, punje bado laini, na mpunga ukiweka maziwa ndege wanakuja kama wamepewa kadi. Dawa yake sisi huku ni utepe wa kaseti. Unauvuta kutoka mti hadi mti juu ya mashuke. Upepo ukipita unavuma, jua likipiga unametameta, ndege wanaingiwa na wasiwasi. Tangu watu waache kusikiliza kaseti, kaseti zimekuwa na kazi kuliko zamani. Wiki tatu zilizopita nilishusha boksi lile bila kumwuliza mtu. Kaseti saba, hazina makava, hazina majina. Nikajua ni mahubiri ya zamani.

Leo nimezunguka mti mmoja mmoja. Kila ganda la kaseti nililifunga kwenye mti wake. La tano lina kidoa chekundu cha rangi ya kucha. Alama ya Philomena! Anaiweka kwenye vitu vyake vyote — ndoo, sufuria, mwiko.

Harusi yangu iko juu ya mpunga. Nusu imebaki ndani ya ganda, nusu imenyeshewa wiki tatu.

Na nani ataniamini? Mtu anayetuhumiwa ahadi, halafu ushahidi anautundikia ndege! Hata mimi nisingejiamini. Nikikumbuka hilo nacheka peke yangu.

Alhamisi, 24 Aprili

Sijasema kitu nyumbani. Nimesema boksi litapatikana. Philomena ananitazama.

Jirani yangu wa shamba, Mayunga, yeye ni mtu wa mambo mapya. Ng'ombe wake kawapiga picha wote. Mwezi huu kanunua spika ya bluetooth, kaweka sauti ya mwewe kutoka kwenye simu, kaitundika katikati ya shamba. Siku ya kwanza ndege walikimbia hadi nikamwonea wivu. Siku ya pili wakakaa mbali wakisikiliza. Leo nimewakuta wamekaa juu ya spika yenyewe! Mwewe analia chini, wao wanachambua manyoya. Mayunga anasema atabadilisha, ataweka sauti ya chui. Nimemwambia weka hotuba ndefu, watalala.

Mimi siyo adui wa vitu vipya. Naandika hapa rasmi. Taa ya sola nairudishia shukrani kila jioni, koroboi ilitutia masizi puani miaka mingi. TV ya bapa ni nyepesi, sikatai. Ila TV yetu ya chogo ikigoma uliipiga kofi ubavuni ikaelewa. Hii ya bapa ipige kofi uone! Na redio — hapo sitaki ubishi. Redio kaseti yangu niliinunua 1998 kwa magunia ya mpunga, hadi leo inaning'inia kwenye msumari wake, ikija shamba inakuja na mimi. Betri zikichoka tulizianika juu ya bati, zikichoka zaidi tuliziuma kwa meno, tukapata taarifa ya habari nyingine mbili. Nani leo anaweza kuuma betri ya simu janja?

Jumamosi, 26 Aprili

Nimekwisha.

Mchana dunguni nilitaka kumwambia Mayunga aje Jumatatu anisaidie kuushusha utepe. Edna alinifundisha: bonyeza kipaza sauti, ongea, achia. Nikabonyeza. Nikaongea vizuri kabisa: Mayunga ndugu yangu, njoo Jumatatu tushushe ile kaseti ya harusi kwenye mpunga, na tafadhali mama Edna asijue, atasema nimeficha ile habari ya cherehani. Nikaachia.

Imekwenda kwenye kundi la jubilei.

Sikujua! Nikawasha redio, nikasikiliza mpira. Nilipoitazama simu watu thelathini wameweka vichwa vinavyocheka machozi. Katekista naye kaweka. Shemeji yangu Agnella, dada yake Philomena, aliyeko Malinyi, hakuweka kichwa. Yeye alipiga simu nyumbani moja kwa moja.

Kaseti imetunza maneno yangu robo karne bila kumwambia mtu. Simu hii imeshindwa kutunza nusu dakika.

Jumapili, 27 Aprili

Misa ya kwanza. Tumekaa benchi moja, katikati yetu angeenea mtu mnene.

Nyumbani nimekiri yote. Boksi, mahubiri, ndege, kidoa. Nimemwapia sikujua. Amenisikiliza mpaka mwisho, halafu akaongea Kindamba, lugha ya kwao, na akiongea Kindamba na mimi ujue Kiswahili kimemtosha. Edna kanisaidia kufupisha: mama anasema kaseti isipoimba, yeye altareni hasimami. Hawezi kurudia viapo na mtu anayeanikia ndege maneno yake.

Nikasema Mama Edna, sare zimeshashonwa. Akasema sare nzuri, atavaa kwenda sokoni.

Usiku sikutia kitu mdomoni zaidi ya uji. Sitanii tena hapa: naogopa. Kugombana kwa cherehani tumezoea, ni kama chumvi ya nyumba hii. Lakini akiamini kwamba nilikusudia, hiyo ni habari nyingine.

Jumatatu, 28 Aprili

Tumeuvuna utepe!

Mayunga alikuja asubuhi. Yeye kaushika utepe juu, anasogea taratibu, mimi nimekaa chini na ganda na kalamu. Ile kalamu ya biki, ya pembe pembe — ukiitia kwenye tundu la kaseti inakaa kama imetengenezewa. Vijana wa leo ukiwaonyesha kalamu na kaseti hawajui zinajuana wapi. Nazungusha, Mayunga anapiga hatua. Nazungusha, anapiga hatua. Ametembea ndani ya mpunga wangu kama padri anayebariki shamba. Umekatika mara mbili. Kila ukikatika alisema pole, mzee, kama tumefiwa.

Tulipoushusha tu, ndege wakaingia kwenye kile kipande. Nimepiga debe na kupiga kelele hadi jioni, sauti imekauka. Wamekula kiasi. Acha wale tu!

Jumatano, 30 Aprili

Nimekwenda kwa Mzee Muhammad, fundi wa redio, pale sokoni. Amebaki peke yake. Duka lake lote sasa ni simu, vijana wake wanabadilisha vioo, lakini kwenye kona yake bado ana meza ya redio na taa yake. Nimemwamkia, shikamoo mzee, nikamwekea kaseti na redio mezani. Akaugusa utepe kwa kidole, akaunusa.

Huu umelala nje, bwana Ignas. Ndiyo, mzee. Kwa nini? Nikamweleza. Alivua miwani ili acheke vizuri.

Anasema ataupangusa kwa spiriti na pamba, hatua kwa hatua, aunge palipokatika, abadilishe mkanda wa redio maana ule wa zamani umelegea. Lakini kanionya: utepe umevutika. Utapiga mara moja, labda mbili. Kwa hiyo asiujaribu mtu. Siku ya kuupiga, wekeni simu pembeni irekodi.

Nimependa hapo. Cha zamani kiseme, kipya kishike. Kila mmoja na kazi yake.

Jumanne, 6 Mei

Leo ndiyo tarehe yenyewe ya harusi. 6 Mei 2000 ilikuwa Jumamosi, leo ni Jumanne na niko dunguni nawinga ndege peke yangu. Philomena anaongea na mimi mambo ya lazima tu: maji, funguo, mbuzi wametoka.

Mtandao ulipofika huku mwanzoni, nyumba nzima ilikuwa na vitochi viwili, changu na chake, tunapanda juu ya kichuguu kutafuta mnara. Pesa ya kuongea hakuna, tunabipu: inaita kidogo, unakata. Mimi na yeye tulikuwa na sheria yetu. Mara moja: nimefika. Mara mbili: njoo na baiskeli. Mara tatu: hakuna kitu, nimekukumbuka tu.

Saa sita mchana kitochi kikaita. Kikakata. Kikaita, kikakata. Nikasimama. Nikangoja huku nimeshika kombeo.

Kikaita mara ya tatu, kikakata!

Nimembipu tatu na mimi. Nikawaimbia ndege.

Jioni nimemwuliza. Anasema simu ilikuwa mfukoni mwa aproni, ilijibonyeza. Nimesema sawa, Mama Edna. Kanipa finyango la mkia wa samaki, lile nilipendalo.

Ijumaa, 9 Mei

Naandika usiku huu huu.

Philomena alisema haendi kanisani kwa bahati nasibu, kaseti isikike leo, nyumbani. Agnella amefika kutoka Malinyi. Tumekaa sebuleni wanne: mimi, Philomena, Agnella, na Edna kashika simu yake karibu na spika, amekataza mtu kukohoa. Redio mezani. Nikabonyeza.

Kwanza upepo mtupu. Halafu kwaya! Inaimba kama ina mafua, inazama, inaibuka, lakini ni wao. Philomena kajishika kifua. Tukapata vigelegele. Tukapata jogoo, sijui wa nani. Halafu mshereheshaji anasema sasa bwana harusi atoe neno, na ikaja sauti ya kijana mmoja, nyembamba, inajiamini kupita kiasi:

Mimi Ignas, mbele yenu wote, kabla ya mavuno ya mwakani nitamnunulia mke wangu cherehani!

Vifijo. Edna kaniangalia. Agnella kaniangalia. Sikuwa na pa kujificha. Niliahidi. Miaka ishirini na mitano nimekataa maneno yangu mwenyewe, na siyo uongo, nilikuwa nimejiaminisha kweli. Nikafungua mdomo nimwombe msamaha.

Agnella akasema nyamaza, bado.

Siku ile redio hii ndiyo iliyorekodi, na niliiweka chini ya meza ya bibi harusi, iwe karibu na watu wakubwa. Kwa hiyo wakati watu wanashangilia, ilikuja sauti ya chinichini, karibu kabisa, ya msichana anamwambia dada yake:

Cherehani ya nini, mimi kushona sijui. Mimi nataka hii redio.

Na Agnella wa ndani ya kaseti akacheka, na Agnella wa kwenye kochi akacheka, na hapo utepe ukakatika.

Philomena hakukumbuka. Nimemtazama usoni, hakukumbuka hata kidogo. Alicheka kwanza hadi akafuta machozi kwa khanga. Akaitazama ile redio muda mrefu. Kumbe, akasema. Basi, hivyo tu.

Edna kauliza, mama, kesho sasa? Akajibu bila kugeuka: pigeni pasi hizo sare.

Nimekaa kitandani nahesabu. Mwaka gani redio hii ililala nyumbani msimu wa mpunga? Hakuna. Miezi mitatu kila mwaka mimi nayo dunguni, yeye hapa na ukuta. Jioni nikiwa nyumbani ni habari, mpira, habari. Sikumbuki hata mara moja kumwuliza, wewe unapenda nini kisikike.

Jumamosi, 10 Mei

Misa saa nne. Nimeoga, nimevaa suruali ya sare, shati bado liko kwenye pasi.

Msumari uko mtupu.

Redio iko jikoni. Ameichukua alfajiri kabla sijaamka, kaweka betri mpya, kahamisha stesheni. Muziki wa kwaya tupu, kwa sauti ya juu, na yeye anaimba juu yake, na Agnella anaitikia, na sufuria zinalia. Majirani wote wamejua kuna sherehe. Zamani niliamini redio ile haishiki stesheni hiyo. Kumbe inashika vizuri sana.

Shida ni kwamba taarifa ya habari ni saa moja. Sijaikosa tangu 1998, isipokuwa siku ya kuzaliwa Edna. Edna anasema baba, simu yako ina redio ndani yake, chomeka hizi masikioni. Nimemwambia habari haziingizwi masikioni kama dawa.

Saa moja kasoro dakika nne. Nimekwenda hadi mlango wa jikoni. Nikasema, Mama Edna, naomba dakika kumi tu, kisha nitairudisha hapo hapo. Amenitazama kuanzia miguuni. Akafuta mikono kwenye khanga, akainyoosha kwenye redio — nikajua nimefanikiwa — akaongeza sauti.

Nimerudi kukaa. Kasoro dakika mbili. Ngoja niende tena. Safari hii nitaanza na shikamoo.