Madam, Ulinitukana Kamongo?

Mpendwa Madam wa Sayansi,

Ni mimi, yule wa dawati la nyuma, niliyekuwa mjanja kuliko darasa zima na bado niko. Salamu baadaye. Kwanza nataka jibu.

Unakumbuka ulivyotuambia samaki ngege hulea watoto mdomoni? Nilisimama: "Madam, huyo anawala tu!" Ukasema, "Kamuulize." Nikaenda ufuoni kukukamata na uongo. Nikafungua mdomo wa ngege wa mama yangu mbele ya wateja, na vifaranga vikamwagika kwenye karai, vidogo kama simsim yenye macho. "Yawa! Umetia nini kwa samaki yangu?" mama akalia.

Ukasema pweza ana mioyo mitatu. Hapo nilikushuku zaidi, maana ziwa letu halina pweza. Ulimchagua wa mbali makusudi, nisiweze kumpima.

Kisha kamongo: eti samaki anayevuta hewa, na maji yakikauka hujizika topeni akalala hadi mvua. Tulicheka. Siku niliyoacha shule kwenda kufyatua matofali, ulinishika mkono getini: "Wewe ni kamongo." Wenzangu wakaanguka kwa kicheko. Madam, wewe ni wa Vihiga, si wa huku ziwani. Hukujua kwamba mtaani kwetu ukimwita mtu kamongo umemwambia ana sura mbaya na amejaa matope? Ama ulijua?

Juzi, tukichimba udongo upande wa Kano, jembe langu lilipasua bonge kavu. Ndani kamongo amejikunja, mkia umefunika uso.

"Huyo ni maiti, tupa," jamaa wakasema.

"Ngojeni," nikasema, profesa wao. Nikammwagia maji yangu ya kunywa. Kimya. Nikaongeza. Halafu akavuta pumzi, akakoroma kama mlevi. Tulitoka mbio, mimi nikiwa wa kwanza.

Tangu hapo sina raha. Mwalimu mkuu anasema nafasi yangu bado ipo shule zikifunguliwa Jumatatu. Nina ndevu, Madam! Nikae na watoto? Kama ulinitukana, nibaki na udongo wangu. Lakini kila neno lako nililoweza kulipima limekuwa kweli, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Shati la shule nimelijaribu. Linabana kwapa.

Usiponijibu, Jumatatu nitakwenda shuleni kulipima na hilo neno la kamongo mwenyewe. Ole wako kama ulidanganya.

Ni mimi, ninayekushuku bado,
Kamongo wako.