Sendofu ya Neema Iwe Mchana

Chang'ombe, Temeke

Kwako mke wangu, Mama Eliya,

Pokea salamu zangu kabla hujaanza kuuliza, maana nakujua. Anakula? Anakula. Analala? Analala kidogo. Kikohozi? Kile kimeniacha, nadhani kimechoka na ubishi wangu. Haya, nami nakuuliza. Goti lako linaendeleaje na hizi baridi za Kiomboi? Alizeti imesimama au upepo umeilaza? Na yule mbuzi mweupe, kazaa au bado anatudanganya na tumbo?

Najua anayekusomea ni Neema. Neema mjukuu wangu, marahaba, shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa. Msomee bibi yako neno kwa neno. Ukifika mahali pakakuuma, usiruke. Wala usimpambie maneno. Bibi yako hakusoma lakini anamjua mume wake, atakukamata.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu mnaipokelea kwa mwalimu jirani, na simu ile ukiongea wanasikia hadi wapita njia. Haya si ya wapita njia. Halafu kwenye simu, Mama Eliya, unanikataga maneno. Hapa huna njia ya kunikata. Nimekaa mlangoni, jua liko kwenye karatasi, nimeweka rula chini ya mstari ili nisipotee. Hiyo habari ya rula utaielewa mbele.

Kwanza niseme, msije mkadhani Yona kaisha. Kuanzia huku Temeke mpaka Kunduchi, ukitaja mzee wa taa, watu wanajua ni nani. Sijaajiriwa na mtu, mie ni deiwaka. Penye harusi, penye kipaimara, penye mkutano wa wakubwa, naitwa, nafunga taa, nawasha, nafungua, naondoka. Ukumbi uwe na kuta zilizochubuka kama ngozi ya mjusi, mie nauwasha mpaka wageni wanauliza umejengwa lini. Mafundi wenye vyeti wananiita mwalimu. Cheti changu mie ni darasa la nne na makovu ya umeme, na hawanifikii.

Na raha nilikuwa nazo, sikufichi. Kazi za hoteli za ufukweni kule Kunduchi ndizo nilizokuwa nazipenda. Tunafunga taa asubuhi, mchana tunashuka kwa akina mama wanaokaanga samaki, nachagua changu mkubwa, nakula na ndimu mpaka vidole vinanukia siku mbili. Siku isiyo na kazi niko kwenye karakana ya Shomari, fundi wa kuchomelea mageti, mzaliwa wa hapahapa, tunacheza drafti. Miaka yote hiyo nimekuwa nikimfunga. Yeye mwenyewe anakiri, ila kwa shingo upande.

Sasa mwaka huu akaanza kunifunga. Kwanza mara moja, nikasema bahati. Halafu kila siku. Nasogeza kete, naona njia ni nyeupe, mara yeye anaruka kutoka pembeni anakula zangu tatu. Siku moja nikasimama nikapindua ubao.

"Shomari, wewe mwizi. Hiyo kete hukuwa nayo hapo."

"Mtu wa bara wewe, ubishi utakuua," akasema. "Kete ilikuwa hapo tangu tuanze. Nimekula mbele ya macho yako."

"Umeileta kwa mkono!"

"Haya, mie mwizi. Okota kete zako uende zako."

Sikuokota. Nikaondoka, na tangu siku hiyo sikukanyaga karakana yake. Mwizi wa kete sikai naye, ndivyo nilivyojiambia. Miezi minne nimekaa peke yangu siku zisizo na kazi, naangalia ukuta.

Sasa nisikilize, Mama Eliya, maana nafika kwenye sendofu ya Goba iliyoniumbua.

Sendofu za huku mjini, hizi za kumuaga binti kabla ya harusi, zina desturi yake, mkikaribia ya Neema mtaiona. Bwana harusi mtarajiwa haketi mbele. Wanamficha katikati ya wageni. Halafu mshereheshaji anamwambia binti, kama kweli unampenda, kamtafute. Binti anapewa shada la maua, muziki unapigwa, anazunguka meza kwa meza akicheza mpaka ampate amvishe shingoni. Hapo mashangazi wanapiga vigelegele, wanasema moyo umemwongoza.

Moyo wapi! Ni mie. Hiyo ndiyo siri ya kazi yangu, sijawahi kuiandika popote. Kabla ya shughuli naenda kwa binti pembeni namwambia, mwanangu, usihangaike kutazama watu, utababaika. Ukumbi nitautia giza nibakize taa moja tu, ile ya kumfuata mtu. Taa yangu itakutangulia hatua mbili. Wewe kanyaga inapokanyaga, ikisimama na wewe simama, mtu wako yuko hapo. Mchana nakuwa nimeshaonyeshwa kiti cha kijana. Mabinti wangapi nimewapeleka hivyo, sijui hesabu yake. Sikumpoteza hata mmoja. Wapo waliopotezwa na waume zao baadaye, hilo si la fundi taa.

Aliyeniita Goba ni Mama Furaha, mpambaji wa kumbi, ndiye anayenipaga kazi nyingi. Binti aliitwa Upendo, kijana Frank. Mchana nikaonyeshwa kiti: karibu na nguzo, upande wa kulia, suti ya bluu. Nikamwita Upendo nikampa yale maneno yangu. Akacheka, akasema, "Babu, nakufuata wewe."

Muda ukafika. Nikazima, nikabakiza yangu. Upendo akatembea kwenye mduara wa taa kama mtu anayetembea juu ya maji. Nikamzungusha kidogo, maana ukimpeleka moja kwa moja watu wanashtuka. Nikampitisha kwa wazee, nikamrudisha, nikampeleka nguzoni. Nikaona suti ya bluu. Nikasimamisha taa. Akasimama. Akasita kidogo, akainua uso akaitazama taa yangu kama anayeniuliza. Nami sikuisogeza. Akamvisha shada.

Mwanamke akaruka kutoka kiti cha jirani. "Mdogo wangu, huyo wangu! Nilishampata kanisani, ana watoto watatu!"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Mshereheshaji badala ya kuokoa akachochea, "Bibi harusi, rudisha mume wa watu!" Frank alikuwa kiti cha pili kutoka pale, Mama Eliya. Kiti cha pili tu. Kwangu hakikuwapo. Palikuwa na suti moja na giza. Akainuka mwenyewe, akalichukua shada kwenye shingo ya yule bwana, akajivisha, huku anajitahidi kucheka. Shangazi mmoja wa Frank akasema kwa sauti, na watu wakanyamaza kumsikia, "Hata taa imemkataa mtoto wetu." Vigelegele havikupigwa. Upendo akalia, na hakikuwa kile kilio cha furaha.

Walipoanza kugawa chakula akanifuata kwenye mitambo, nguo ameishika kwa mikono miwili. "Babu, nimekukosea nini?"

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia meza zimehamishwa. Nikasema tena kwa sauti, ili wasikie: dada wa ukumbi kahamisha meza. Yule dada akasemwa mbele za watu, na alikuwa hajagusa kitu. Neema, hapo usiruke.

Kesho yake Mama Furaha akaja kwangu. Hakuketi. "Mzee Yona, meza hazikuhamishwa. Ninazo picha."

"Basi taa ile ina kasoro. Shingo yake imelegea."

"Nitazame puani."

"Puani kuna nini?"

"Nitazame tu, usigeuke. Vidole vingapi?"

"Vidole vipi?"

Nikachoka kungoja, nikageuza kichwa. Mkono wake ulikuwa karibu na sikio langu, umeinuliwa, vidole vyote vitano vimetanuka, na pete yake ya ndoa inang'aa. Alikuwa ameushika pale muda wote.

"Baba," akasema. Hajawahi kuniita hivyo, huniita mzee. "Baba, tangu lini?"

Mke wangu, hapa ndipo nilipokudanganya. Miaka mitatu iliyopita, nilipokuja kumzika mwanetu Eliya, ulikuta kichupa kidogo kwenye begi langu. Ukaniuliza, nikakwambia ni dawa ya vumbi. Haikuwa ya vumbi. Hospitali walikuwa wameniambia nina presha ya macho, nitie matone kila siku ya Mungu mpaka nife, la sivyo macho yataanza kufa kutoka pembeni. Nikatia miezi miwili. Yanachoma, halafu kazini yananifanya nione ukungu. Na mzee wa taa akionekana anatia dawa machoni, nani atampigia tena? Zaidi ya hapo, hakuna palipouma. Ugonjwa usiouma mie niliuona ni maneno ya wauguzi tu. Ungejua ungenilazimisha. Ndiyo maana sikukwambia.

Mama Furaha akanipeleka tena hospitali. Daktari ni binti wa umri wa Neema, akaniamkia vizuri, akanipima muda mrefu. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto limebaki katikati, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Nikamwambia, basi nipasue, mie si mwoga. Akasema, "Babu, kilichokwenda hakirudi. Tunalinda kilichobaki." Sasa natia matone asubuhi na jioni. Natia mwenyewe, mkono hautetemeki.

Baada ya hapo nikaenda kwa watu watatu. Wa kwanza yule dada wa ukumbi, nikamwomba radhi mbele ya bosi wake. Akasema yamepita, lakini hakunitazama. Wa pili Shomari. Nilimkuta anachomelea geti. Nikamwambia kete ilikuwa hapo. Akavua miwani yake ya kazi, akanitazama sana, akasema, "Ulikuwa huioni?" Nikasema ndiyo. Akapanga ubao. Siku hizi kila akisogeza kete anaitaja kwa mdomo, pembeni kulia, pembeni kushoto, kama anayeimbia mtoto. Na bado nimemfunga mara mbili. Mara moja najua kaniachia, akikana muongo.

Wa tatu alikuwa Upendo. Tulikwenda kwao Goba, mie na Mama Furaha, mlima ule nikiupanda nimeshika mkono wake. Nikamweleza habari ya macho. Nilidhani atanitukana, nami nilijiandaa kutukanwa. Akasema hivi, nayaandika kama alivyosema:

"Babu, Frank nilimwona. Alikuwa pale pale, ananitazama. Ila uliniambia nisitazame watu, nifuate taa."

Mama Eliya, tangu siku hiyo hayo maneno nalala nayo na kuamka nayo. Binti alikuwa na macho mawili mazima, akayaacha akafuata ya kwangu.

Neema, sasa nasema na wewe. Siku za matanga ya baba yako ulilia ukaniuliza nani atakusimamia siku ya sendofu yako. Nikakwambia mie, nitakuja na taa kubwa kuliko zote za Kiomboi nikupeleke kwa mume wako. Bibi yako kaniita nyumbani mara ngapi tangu hapo, nami nakataa, nasema narudi na taa. Taa nilishaitafuta. Ilikuwa chini ya kitanda, nimeifunga kwenye blanketi. Mwezi uliopita bado nilikuwa nasema nitaiwasha.

Siiwashi. Nimempa Mama Furaha. Alikataa, nikambishia mpaka akachoka, si mnanijua. Nami nafunga mzigo, matone yangu mfukoni, nije nyumbani kukaa. Nitashuka stendi wiki moja baada ya kuvuna alizeti. Mizigo nitabeba mwenyewe, asije mtu akaninyang'anya begi. Ila mtu asimame mlangoni pa basi, anishike kwenye ngazi ile ya mwisho.

Mama Eliya, waambie wanakamati sendofu isiwe jioni. Iwe mchana, uani kwetu, jua likiwa juu, pasiwe na taa hata moja. Wakiuliza sababu waambie Yona kasema, na Yona ndiye aliyeshika taa za mjini, anajua anachosema.

Neema, Amosi wako wamfiche wanavyotaka. Utamwona mwenyewe, macho ni yako. Kwanza njoo usimame mbele yangu, katikati kabisa, si pembeni, nikutazame na hilo shada lako. Chukua muda, nisikose kitu. Halafu nishike mkono twende tukamtafute. Safari hii utangulie wewe, mie nitakufuata.

Nisalimie shemeji yangu mkubwa anayetuchungia ng'ombe, mwambie utani wake naulimbikiza. Msalimie mama yake Neema, mwambie sijasahau kuwa ni mjane wa mwanangu. Mchungaji msalimie, na mwalimu mwenye simu, mshukuruni kwa uvumilivu. Na wewe Mama Eliya, usianze kulia kabla sijafika. Ukilia, lia nikiwa nimekaa mbele yako, nikuone.

Ni mimi mumeo, ubishi wote na macho yaliyobaki,

Yona, Baba Eliya