Pilau ya Kura za Texas

Kwako mke wangu Mwanakombo,

Salamu zangu zikufikie wewe na wote walio nyumbani. Mimi mzima, miguu tu ndiyo inavimba kwa kusimama getini. Jicho lako je? Ile dawa ya matone inasaidia, au bado unashika ukuta ukienda msalani? Barua hii anakuletea na kukusomea Mutiso, Mkamba ninayelinda naye ghorofa huku Dubai, Jumeirah Lake. Simu sikuitaka. Kwenye simu ungelia, mimi ningekata.

Ni habari ya Rashidi, mwanetu.

Unajua alipopata uraia kule Texas aliahidi kukuchukua, ukatibiwe jicho. Sasa wamepiga kura, si ya rais, hii ya katikati ya muhula wake, ya wabunge na maseneta. Texas chama kinachoshinda ni kimoja tu tangu zamani, watu wa kanisa na bunduki, na chama hicho kinasema mgeni akishapata uraia asilete wazazi. Safari hii akatokea mpinzani anayejaza viwanja. Nikampigia Rashidi, "Mpe huyo mpya. Hiyo kura ni ya mamako." Akasema, "Sawa, Baba."

Hapa kambini hakuna anayejua siasa kunishinda. Tangu nilipokuwa wakala wa kura pale shuleni kwetu sijakosea, na wewe shahidi. Nikawatangazia walinzi wote, Texas inaanguka. Asubuhi natoka zamu, televisheni ya kantini inaonyesha mpinzani anaongoza. Nikasema khalas, imekwisha. Nikanunua nyama, nikapika pilau sufuria kubwa, kwa mkono wangu.

Nikasahau jambo ambalo mtu wa kwetu hasahau: kura za mjini huhesabiwa kwanza, za mashambani huja nyuma. Mchele haujakauka maji, mashamba yakaingia. Nafunua sufuria, mpinzani keshaanguka.

Wenzangu wamejipanga na sahani. Mutiso akaniuliza, "Mzee, hii pilau ni ya harusi au ya matanga?"

"Yalla, kula unyamaze."

Wakaila, wakacheka. Mimi sikuonja. Nikampigia Rashidi kumpa pole. Naye akacheka!

"Pole ya nini, Baba? Niliyempa ndiye aliyeshinda."

"Na mamako?"

"Baba, huku kila mtu akileta ukoo wake patajaa. Lazima kuwe na mwisho."

"Mamako ni ukoo?"

Akasema kwake ni usiku, anataka kulala, atanipigia. Hajapiga mpaka leo, na mimi sipigi.

Usimtetee. Najua utasema mtoto kachoka, kazi nyingi. Hakuchoka huyo. Alipanga foleni kwa miguu yake akakufungia mlango, na foleni ya kura naijua mimi, mtu anapata muda wa kutosha kumfikiria mamake.

Nisalimie dada yangu Mwanasha anayekupikia, na mjomba wako mwadhini. Jirani Kadzo, muuza maziwa, msalimie pia, lakini habari hii asiijue, ataimwaga mtaa mzima pamoja na maziwa yake.

Lile sanduku la safari ulilolipanga tangu Ramadhani, lifungue. Zile leso mpya zitoe, uzivae hapo hapo nyumbani. Jicho nitalitibu mimi, Mombasa, kwa miguu hii hii iliyovimba. Na Rashidi akikuuliza, mwambie limepona.

Ni mimi mumeo,
Athumani